MAISHA YA GEORGE MÜLLER, BABA WA YATIMA ELFU KUMI



Wengi muliniuliza juu gani mimi, mkubwa wa wanafunzi, nilikataa majina ya watoaji yasomwe mbele ya shule yote. Jambo lenyewe munalijua. Kuna baba na mama hapa Kasulo wanaotaka kuchukua watoto wawili wa jirani yao wawe watoto wao kabisa. Baba wa watoto hao alibaki ndani ya shimo, na mama yao alikuwa ameisha kufa mbele. Kuwalisha bukari wanaweza. Kinachokosa ni falanga za karatasi za tribinali na falanga za masomo. Sisi wa mwaka wa mwisho tulitafuta kopo na daftari, tukaanza kukusanya. Halafu wengine wakataka kila Ijumaa tuite majina, na mwenye kutoa nyingi apigiwe makofi. Nilisema hapana, lakini sikujua kueleza vizuri. Basi, badala ya kubishana tena uwanjani, nimeandika habari za mtu aliyekusanya falanga nyingi sana juu ya watoto wasio na wazazi, na hakuita jina la mtu hata mara moja.

Mtu huyu anaitwa George Müller. Alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 katika kijiji cha Kroppenstedt, inchi ya Prussia, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Msifikiri alikuwa mtoto mwema aliyezaliwa na Biblia mkononi. Alikuwa mwizi. Baba yake alitumika kwa serikali kukusanya kodi, na falanga za kodi zilikaa nyumbani. George aliziiba. Baba alipoanza kushuku, alihesabu falanga, akaziacha chumbani makusudi mtoto akiwa humo. Waliposaka nguo zake, walizikuta ndani ya kiatu, chini ya mguu. Alipokuwa na miaka 14 mama yake alikufa, na usiku ule ule yeye alikuwa akicheza karata na kulewa, hakujua mama yuko katika hatari. Alipokuwa na miaka 16 alikwenda kulala katika hoteli za watu, akila vizuri, na alipoombwa kulipa hakuwa na kitu. Hapo alitiwa jela mjini Wolfenbüttel, toka tarehe 18 Desemba 1821 mpaka 12 Januari 1822. Noeli na mwaka mpya alivipitisha jela. Baba yake ndiye aliyelipa deni.

Nayataja haya kwa sababu mtu huyu, aliyeanza kwa kula falanga za serikali, ndiye baadaye watu wa dunia nzima walimpa mali yao bila woga.

Baba alitaka awe mchungaji, si kwa sababu ya Mungu, ila apate nyumba na mshahara mzuri. Mwaka 1825 George aliingia universite ya Halle. Hata kule aliishi kwa madeni na kuweka vitu vyake rehani. Alisafiri Uswisi na rafiki zake. Yeye alishika mfuko wa safari, na aliwadanganya katika hesabu, yeye akalipa kidogo kuliko wao. Halafu mwezi wa Novemba 1825 rafiki yake mmoja, Beta, alimpeleka jioni ya Jumamosi katika nyumba ya mtu mmoja ambako wakristo wachache walikutana kusali. Hapo aliona mtu anapiga magoti kuomba. Alikuwa hajaona jambo hili maishani mwake, yeye mwanafunzi wa teolojia! Mtu aliyepiga magoti, Kayser, baadaye alikuja kuwa misionere hapa Afrika. Jioni ile ilimgeuza Müller. Hakuwa mtakatifu kesho yake, lakini ulevi na wizi vilikwisha.

Katika Halle kulikuwa pia na nyumba kubwa ya yatima. August Hermann Francke aliianzisha zaidi ya miaka mia moja mbele, akimtegemea Mungu kwa falanga. Müller alilala humo miezi miwili, maana kulikuwa na vyumba vya bure kwa wanafunzi maskini. Hakujua bado kwamba ile nyumba itamrudia akilini.

Mwaka 1829 alikwenda Uingereza kujifunza kazi ya misioni. Aliugua, akapelekwa pwani, mji wa Teignmouth, na kule wakristo wakamwita awe mchungaji wao. Mwaka 1830 alimwoa Mary Groves. Kaka wa Mary, Anthony Norris Groves, alikuwa mtu wa meno aliyepata falanga nyingi, akaacha vyote kwenda kuhubiri huko Baghdad. Unaona ni jamaa ya namna gani.

Katika kanisa la Teignmouth, sawa na makanisa mengi ya Uingereza wakati ule, viti vililipiwa. Tajiri alikodi kiti kizuri mbele, maskini alikaa nyuma. Mshahara wa mchungaji ulitoka katika viti vile. Müller aliona si haki. Mwisho wa Oktoba 1830, wiki chache tu baada ya arusi, alikataa mshahara wake wa pauni 55 kwa mwaka, akaweka sanduku kanisani: mwenye kupenda kumsaidia atie humo. Hakuna angejua ni nani ametia. Na sikilizeni hili: shemasi aliyeshika ufunguo alilifungua sanduku karibu mara moja kwa wiki tano! Ndani ya nyumba hakuna mkate, na falanga ziko katika sanduku. Müller hakumwambia kitu. Yeye na mke wake walipatana wasiseme shida zao kwa mtu, ila kwa Mungu tu.

Mwaka 1832 walihamia Bristol, mji mkubwa wa bandari, pamoja na rafiki yake Henry Craik. Mwaka ule kolera iliua watu wengi katika mji ule. Watoto waliobaki walizurura barabarani, wakaomba, wakaiba, wakaingia jela sawa na wakubwa. Sisi wa Kasulo hatuna haja ya kuelezwa sana jambo hili. Toka 2014, watu walipoanza kuchimba kobalti mpaka ndani ya malupango, tumewaona watoto wanaobaki hivyo.

Sasa, juu gani alianza nyumba ya yatima? Huruma ilikuwapo, lakini yeye mwenyewe alieleza sababu nyingine kubwa zaidi. Alikuwa akitembelea watu wa kanisa nyumbani. Alimkuta mmoja anatumika saa 14 au 16 kwa siku, mwili umechoka, roho imekauka. Müller alimshauri apunguze kazi na kumtafuta Mungu. Mtu yule hakuweza kuamini kwamba Mungu atamlisha. Müller alirudi akiwaza: watu hawa wanahitaji kuona kitu kwa macho. Mtu maskini asiye na mali akiweza kulisha na kuvalisha yatima kwa kuomba Mungu peke yake, bila kuomba mtu, hapo watajua kwamba Mungu yuko. Novemba 1835 alikuta tena kitabu cha maisha ya Francke kwa mama mmoja alipokwenda kunywa chai. Tarehe 5 Desemba alisoma Zaburi ya 81 akasimama kwenye mstari wa 10. Mutafute wenyewe. Siku ile aliomba nyumba, pauni 1,000, na watu wa kutunza watoto.

Siku mbili baadaye ilifika shilingi ya kwanza. Tarehe 9 Desemba aliita mkutano kueleza mpango, na hakuruhusu matoleo kukusanywa, watu wasitoe kwa joto la moyo la saa moja. Kesho yake mume na mke waliandika barua kwamba wanajitoa wenyewe kutumika bila mshahara, pamoja na vyombo vyote vya nyumba yao. Mtu mwingine alileta sahani 28, mabakuli 3, visu 4, uma 5. Napenda sana ile hesabu ya visu 4 na uma 5. Ni wazi mtu yule alifungua kabati lake akatoa kilichokuwamo.

Kulikuwa na jambo moja la kuchekesha. Müller aliombea nyumba, falanga, vyombo, watumishi. Tarehe 3 Februari 1836 alikaa kanisani saa mbili nzima kungojea watu waje kuandikisha watoto. Hakuna hata mmoja aliyekuja. Akarudi nyumbani akitembea polepole, na hapo akakumbuka: katika maombi yake yote hakuwaombea watoto wenyewe! Aliona ni kazi rahisi, yatima wako wengi. Usiku ule akaomba. Kesho yake mtoto wa kwanza akaandikishwa, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa 42. Nyumba ilifunguliwa tarehe 11 Aprili 1836, barabara ya Wilson, namba 6.

Sasa nifike kwa yule mama ambaye kwa ajili yake hasa nimeandika. Jina lake halijulikani kwa watu, Müller aliandika herufi mbili tu. Alikuwa mshonaji, mwili dhaifu, anaugua mara nyingi. Kwa sindano yake alipata karibu shilingi 3 kwa wiki, hata zisizofika. Baba yake alikuwa mlevi, akafa na madeni. Baba alipokufa, urithi wa bibi ukawafikia watoto. Yeye akapata pauni 480. Kwa mtu wa shilingi 3 kwa wiki, fanyeni hesabu: ni kazi ya zaidi ya miaka 60. Ndugu zake walipatana na wadai kulipa robo tu ya deni la baba, na wadai wakakubali, maana sheria haikuwalazimisha watoto. Yeye akaona aibu juu ya jina la baba yake. Akaenda kwa siri, akalipa sehemu yote iliyobaki. Ndugu zake walimpa mama yao pauni 50 kila mmoja. Yeye akampa 100. Halafu akatuma pauni 100 kwa yatima.

Müller alifanya nini? Hakushangilia. Alijua mama huyu ni maskini na mgonjwa, akamwita. Alitaka kujua kama ametoa kwa joto la moyo, kesho ajute. Alizungumza naye muda mrefu, karibu kumkatalia. Alimkuta mtulivu, amehesabu gharama yote. Si hivyo tu, mama aliongeza pauni 5 kwa ajili ya maskini wa kanisa. Urithi ule wote ulikwisha katika kutoa hapa na pale kwa siri, na yeye akarudi kwenye sindano yake, mpaka akafa miaka michache baadaye. Wengi waliosaidiwa naye hawakujua.

Mukisha kusoma hivi, mufikirie makofi ya Ijumaa.

Tusidhani falanga zilimiminika tu. Septemba 1838 sanduku lilikuwa tupu kabisa. Nyumba zilikuwa tatu, watoto karibu mia. Watumishi, walimu na wamama wa nyumba, waliitwa kuambiwa ukweli, wao peke yao. Wakatoa kila kilichokuwa mfukoni, tena hata vitu vyao waliviuza. Siku baada ya siku walikutana kuomba. Tarehe 18 mama mmoja akaleta pauni 3 na zaidi, zilizotumwa na binti yake kutoka London. Müller alipouliza, akajua mama huyu alikuwa amefika siku nyingi, analala nyumba ya jirani kabisa na nyumba ya wavulana. Falanga zilikuwa ngʼambo ya ukuta siku zote zile. Müller alimshukuru Mungu kwa kukawia huku, akisema kwamba Mungu alitaka kuwafundisha. Mimi nakubali ni vigumu kushukuru hivyo wakati tumbo linauma.

Kwa deni alikuwa mkali. Kama hakuna falanga ya kununua leo, hakinunuliwi leo. Mwokaji wa mikate na mwuzaji wa maziwa walikuwa wakilipwa kwa wiki. Alibadilisha, wakalipwa kila siku. Huyu ni yule yule wa hoteli na jela.

Wako waliosema, hata leo wanasema, kwamba Müller aliomba watu kwa ujanja: kila mwaka alitoa kitabu cha hesabu, na mwenye kusoma aliguswa moyo akatuma falanga. Neno hili si bure. Lakini tazameni alivyofanya Desemba 1841. Wakati wa kufanya mkutano wa mwaka na kutoa kitabu ulifika, na sanduku lilikuwa chini sana. Wengine wangesema ndiyo nafasi nzuri! Yeye akaahirisha mkutano na kitabu, mtu asiseme anatangaza shida. Miezi iliyofuata ilikuwa ya taabu kubwa. Ndani ya kitabu kila shilingi iliandikwa, lakini mtoaji hakutajwa jina. Hesabu ilikuwa wazi, mtu alikuwa sirini. Wengi wetu tunafanya kinyume: mtu anatangazwa, hesabu inafichwa.

Kosa lake moja nataka kulisema pia. Alipokea tu yatima waliofiwa na baba na mama, tena waliozaliwa katika ndoa ya halali. Mtoto wa mama asiyeolewa hakuingia. Kwa wakati wake labda ilikuwa kawaida, lakini mimi sikubali. Mtoto hakuchagua. Katika hawa wawili wa Kasulo hakuna aliyeuliza ndoa ya wazazi ilikuwa ya namna gani, na ni vizuri.

Mwaka 1845 jirani wa barabara ya Wilson aliandika kulalamika juu ya kelele za watoto, na Müller akaona ana haki. Akatafuta kiwanja nje ya mji, mahali panapoitwa Ashley Down. Mwenye kiwanja alitaka pauni 200 kwa eka. Usiku alikosa usingizi, asubuhi akamwuzia kwa 120. Nyumba ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1849, watoto 300. Zikafuata nyingine mpaka tano, ya mwisho mwaka 1870, nafasi kwa watoto 2,050. Hakukopa hata pauni moja.

Watoto walisoma. Jambo hili lilileta manunguniko. Wavulana walikaa mpaka karibu miaka 14, ndipo walitafutiwa fundi wa kuwafundisha kazi, na Müller alilipa ada yake. Wasichana walikaa mpaka 17 hivi. Mtoto alitoka na nguo, sanduku na Biblia. Watu wengine walisema anawapandisha yatima juu kuliko hali yao, na kwamba anaziibia fabriki na migodi watumishi wake. Soma tena hapo: migodi! Wakati ule watoto wa Uingereza walishuka chini ya ardhi kama tunavyoona huku kwetu. Müller hakuacha, aliweka hata mkaguzi wa kupitia shule zake.

Mpaka kufa kwake yatima 10,024 walipita mikononi mwake, na falanga alizopokea kwa kazi zote zilifika karibu pauni milioni moja na nusu. Sehemu nyingine ilikwenda kwa shule, kwa Biblia na kwa mamisionere. Hudson Taylor wa China alisaidiwa naye mara nyingi. Sisi pia hatuko mbali naye. Tarehe 14 Februari 1886, Frederick Stanley Arnot alipofika Bunkeya kwa mfalme Msiri, hapa hapa katika Lualaba ya leo, alikuja bila mshahara wa shirika lolote, kwa njia ile ile ambayo Müller na shemeji yake Groves walikuwa kati ya wa kwanza kuifuata. Wakristo wa Garenganze wametoka kwa Arnot. Siku ile Müller alikuwa mzee wa miaka 80, angali hai, tena yuko safarini akihubiri. Toka 1875 mpaka 1892 alifika inchi 42.

Jumatano jioni, tarehe 9 Machi 1898, aliongoza mkutano wa maombi kama kawaida. Asubuhi ya tarehe 10, kama saa moja, mtumishi alimletea chai, akamkuta amekufa sakafuni kando ya kitanda. Alikuwa na miaka 92. Wakahesabu mali yake. Katika maisha yake watu walimpa yeye mwenyewe, si yatima, falanga nyingi sana, na daftari zilionyesha kwamba kati ya hizo alitoa kwa wengine zaidi ya pauni 81,000. Nyumbani mwake, vyombo na falanga pamoja, walikuta vitu vya pauni 160.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho